Tata, Gari Limeshuka Kwenye Mawe

Manga, Jumapili alasiri

Tata,

Ninakuandikia kwa Kiswahili, na najua ungeshangaa, kwa maana nyumbani Kiswahili kilikuwa cha kuzungumza na fundi tu. Nilijaribu kwanza kwa Kigusii. Niliandika "Tata", nikaandika salamu, kisha kalamu ikasimama. Kwa Kigusii sioni njia ya kumfokea baba. Maneno yapo, lakini kila nililoliokota lilinifanya niinamishe uso, kama vile umesimama mlangoni unanitazama. Kiswahili nilikipata shuleni, hakikunilea. Kitanivumilia.

Nimekukasirikia, Tata.

Nimekukasirikia tangu siku ya mazishi. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine kando ya jeneza lako. Mzee wa kanisa akasema, "Marehemu hakumkatalia mtu." Mkubwa wako wa kazi kutoka Gesima akasema hivyo hivyo kwa Kiingereza, na mwalimu mmoja akatafsiri. Wanawake wakaitikia kwa kilio. Mimi nilikuwa nimeketi chini nyuma ya Mama, wadogo zangu wawili wamenilalia mapajani, najiuma kidole nisipige kelele. Walikuwa wakikisifia kitu kilichokuua, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekijua isipokuwa mimi.

Najua swali ambalo ungeuliza kwanza. Gari limeshuka kwenye mawe. Linatembea. Lakini kabla sijakuambia lilivyoshuka, nataka ukumbuke lilivyopanda.

Unakumbuka lilivyokuwa mwanzoni? Gari dogo la kijivu, la Kiingereza, ulilolinunua kwa mwalimu mkuu aliyekuwa anahama. Kila asubuhi wewe na Mama mliteremka nalo kwenda Gesima, wewe ofisini kwenye majani ya chai, Mama shuleni kwake. Asubuhi haikuwa na shida, ni mteremko. Shida ilikuwa jioni. Ulikuja na Mama, na mkungu wa ndizi, na mtu wa njiani, na mwenzake, kwa sababu hukuweza kumpita mtu aliyeinua mkono. Tuliwasikia toka mbali. Gari lilipofika chini ya mlima wetu lilianza kuguna, gia ya pili, gia ya kwanza, halafu kimya. Wadogo zangu walikuwa wanasema, "Sasa wanashuka kusukuma."

Nyanya mzaa Mama alipokuwa ndani, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mkwe hawezi kukaa bega kwa bega na mama mkwe wake. Basi Nyanya alijibana pembeni kiti cha nyuma, Mama katikati kama ukuta, na wewe uliendesha bila kutazama kioo cha ndani safari nzima. Gari likizimika, wote walishuka wakalisukuma, isipokuwa Nyanya. Yeye aliingia kwenye mahindi na mwavuli wake akasimama humo akikupa mgongo mpaka umeondoka, kisha akaja nyumbani kwa miguu. Siku moja mvua ilimnyeshea vibaya. Ulicheka kwa aibu, ukasema, "Lazima nilipatie gari hili pumzi, hata kama ni kwa heshima ya mama mkwe."

Ulinieleza mwenyewe, nikiwa kidato cha tatu, kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi, na injini ndogo inapata shida kupumua kama mtu mwenye pumu. Haikosi petroli, inakosa hewa. Ikipata kitu cha kuisukumia hewa ndani, itapanda. Nilifurahi kwamba ulinieleza mimi. Jumamosi ulianza kunichukua twende pamoja Kisii kwa Fundi Shabani. Hukuniuliza kwa nini sizungumzi na watu. Ulininunulia mahindi ya kuchoma, nikaketi juu ya gurudumu kuukuu, nikasikiliza. Siku zile nilizipenda kuliko siku za shule. Nakuandikia hili ili usidhani nimesahau.

Fundi Shabani alikuwa na supachaja. Ilitoka kwenye gari la mzungu mmoja wa Sotik aliyeuza vitu vyake akaondoka. Alitupangusia vumbi akatuonyesha. Ni pampu ya hewa, akasema, inafungwa kando ya injini na kuzungushwa na mkanda kama ule wa feni. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Ukikanyaga, hewa inaingia saa hiyo hiyo. "Sikufichi, bwana mkubwa," akakuambia. "Itakula petroli. Ule mkanda injini ndiyo inauvuta, siku ya mlima na siku isiyo ya mlima." Ukasema, "Ndiyo, Fundi. Hiyo ndiyo naitaka." Mkapeana mikono.

Wiki iliyofuata akaja Baba mdogo Bosire na lori lake kutoka safari, na tabo imefungwa kwenye gunia. Alikuwa ameitoa kwenye lori lililopinduka. Aliishika kama mtoto mchanga. Tabo nayo inasukuma hewa, akasema, lakini haichukui nguvu ya injini, inazungushwa na moshi unaotoka. "Kaka, moshi huo unatupwa bure kila siku! Wewe unautupa tu! Mimi nikipanda milima ya Mau na tabo, lori linaimba." Ukasema, "Ndiyo, Bosire. Hiyo ndiyo yenyewe."

Nilikuwa nimesimama hapo na chai mkononi. Nilizisikia ndiyo zako zote mbili.

Halafu Jumamosi moja wote wawili wakakutana gereji. Hata sasa nikikumbuka nacheka kidogo, halafu nakasirika kwamba nacheka. Fundi aliizungusha ile tabo kwa kidole, akasema, "Bwana Bosire, kitu hiki ni cha lori. Moshi wa kigari hiki utaizungusha na nini? Mpaka iamke, injini itakuwa imeshalia kilio cha kufa."

"Wewe Shabani unaogopa kitu kipya. Hiyo pampu yako ni ya zamani kama hiyo kofia yako."

Fundi akaigusa kofia yake. "Kofia hii ina kichwa ndani. Yako tuitafute wapi?"

Vijana wa gereji wakapiga makofi. Baba mdogo mwenyewe alicheka. Na wewe ulicheka kuliko wote, ukawashika mabega, mmoja huku mmoja huku, ukasema, "Nyote mna haki." Tulipokuwa tunarudi nilikuuliza, "Tata, ni ipi?" Ukasema zote ni nzuri. Nikasema, "Lakini gari ni moja." Ukasema, "Tutaona, Kerubo. Tusimuudhi mtu."

Tusimuudhi mtu! Basi kwa kutomuudhi mtu, Fundi akapanda kwetu akafungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akaondoka na kabureta akaipime na supachaja yake. Na Jumapili yake, watu wakiwa kanisani, Baba mdogo akaja na msumeno akakata bomba la moshi aone tabo itakaa wapi. Kila mmoja alikuta kazi ya mwenzake akakuuliza, na kila mmoja ulimwambia aendelee. Kisha Baba mdogo akasafiri, Fundi akasema atakuja Jumamosi, na gari likapandishwa juu ya mawe manne kwenye njia ya kuingilia boma, bila magurudumu, bila bomba, limefunikwa bati. Supachaja na tabo ukaziweka chini ya kitanda chako, kila moja na gunia lake. Kuku wakataga ndani ya gari.

Mvua ndefu zikaja zikaisha. Mama alichoka kutembea, akapanga chumba Gesima, akawa anakuja Ijumaa na kurudi Jumapili. Wewe ulidandia lori la majani ya chai, ukafika nyumbani gizani, matope magotini. Nilifanya mtihani wangu wa mwisho, nikarudi nyumbani kukaa, na nyumba ilikuwa kama nyumba ya watu waliokosana ingawa hakuna aliyekosana na mtu. Mama akija alikutazama, akalitazama gari, akanyamaza. Nikadhani mimi ndiye nitakayeanza kusema. Sikuwa na tabia hiyo, na hii ya kutosema niliitoa kwako.

Sasa nitasema ile siku.

Ilikuwa Jumatano. Hukuamka kwenda kazini. Nilikuletea uji, nikauweka kwenye kiti mlangoni pa chumba chako, kwa sababu chumba cha baba si mahali pa binti mkubwa kuingia. Nilisimama nje ya pazia nikakuuliza, "Tata, unaumwa?" Ukasema, "Kidogo tu. Ni maharagwe." Nikaosha vyombo, nikarudi. Uji ulikuwa haujaguswa. Nikauliza, "Tata, uko sawa?" Ukasema, "Ndiyo, niko sawa." Jirani yetu Mzee Mogaka alikuja kuuliza mbona hukupita barabarani, nikamleta mpaka kwenye pazia ili aingie yeye akuone, mwanamume mwenzako. Nawe ukamwambia toka ndani, kwa sauti nzuri kabisa, sauti ile ya kumkaribisha mgeni, "Niko sawa, ndugu yangu, napumzika. Rudi kazini kwako." Akaondoka, maana ulimwambia. Nikauliza tena. Ndiyo, Kerubo. Niko sawa.

Ulikuwa unamdanganya nani, Tata? Mimi? Tumbo lako? Uliogopa kutusumbua? Nilikuwa nimekaa pale pale, sina kazi, sina shule, ningeweza kusumbuliwa mchana kutwa!

Jua lilipopita katikati, nilikuuliza na hukunijibu. Nikaingia. Ndiyo, niliingia chumbani kwa baba yangu, na sitaki mtu anitakase kwa hilo. Ulikuwa umejikunja, shuka imelowa jasho, na miguu yako imeegemea lile gunia la tabo kama umejaribu kuteremka. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. Watu walitoka mashambani.

Wanaume walikubeba juu ya kitanda chako. Walipofika kwenye njia, gari lilikuwa limeziba. Lile gari, Tata. Ilibidi wakuinue juu ya mabega, wapite kiubavu kati ya gari na ua, na mmoja akateleza, na ukalia. Hapo ndipo nilipokusikia ukilia kwa mara ya kwanza siku ile. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika viatu vyako, nikalipiga gari teke. Kuku akaruka dirishani.

Barabarani tulingoja. Siku zote ilikuwa hivi, mtu wa Manga akiugua, watu walikimbia kwako, nawe ulitoka hata ukiwa unakula, ukampeleka. Mke wa Mzee Mogaka alijifungua kwenye kiti kile cha nyuma. Siku yako wewe, tulisimama tukitazama barabara tupu. Mwishowe likaja lori la chai, likatuchukua. Hospitali walikupokea vizuri, walikimbia nawe. Daktari alitoka baadaye akasema utumbo ulikuwa umepasuka. Akauliza ulianza kuumwa lini. Mama alikuwa ameshafika kutoka Gesima. Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Ulikuwa umemwambia kila mtu kwamba uko sawa.

Basi hiyo ndiyo hasira yangu. Watu wanasema ni tumbo. Mimi nasema ni neno lile lile ulilomwambia Fundi na ukamwambia Baba mdogo.

Baada ya kunyolewa nywele za msiba, wanaume wa ukoo walikaa mbele ya nyumba kuamua vitu vyako. Baba mkubwa Ombati ndiye aliyeongoza. Fundi Shabani alikuwa amekuja kutoa pole, akaketishwa nao, na kwa sababu yake wakazungumza Kiswahili. Koti lako lilimwendea Baba mkubwa, sikujali. Ng'ombe akabaki kwa Mama. Wakafika kwenye gari.

Baba mdogo Bosire akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia kweli. Akasema, "Kaka yangu aliniambia kwa mdomo wake, gari lifungwe tabo. Nipeni mimi. Nitalifunga, nitalitumia, na shemeji nikipata nafasi nitampeleka Gesima."

Fundi akashtuka. "Mwenzangu, samahani, huu ni msiba. Lakini marehemu alinishika mkono akaniambia supachaja."

Wakatazamana. Nikaziona nyuso zao, Tata. Ningetaka uzione. Hakuna aliyekuwa mwongo. Kila mmoja alikuwa anaipigania ahadi yako, na kila mmoja aliona mwenzake anakuchafua. Baba mkubwa akakata shauri haraka kama kawaida yake. Ndugu ni ndugu, gari liende kwa Bosire. Mama alikuwa chini ukutani, mjane wa siku chache, hakuinua uso. Nikajua maana ya lile neno "nikipata nafasi". Mama atakaa Gesima miaka yote iliyobaki, wadogo zangu watamwona siku za Jumamosi, na gari litakuwa Nakuru na Baba mdogo, likipigwa picha.

Kisha Baba mdogo akanigeukia. Nilikuwa nimeshika sinia ya chai. Akasema kwa upole, "Huyu binti alikuwa naye kila mahali. Kerubo, mama yangu, waambie. Alisema tabo, sivyo?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Watu wote walikuwa wananitazama, masikio yananiwaka moto, na neno lilikuwa tayari mdomoni, nimelirithi. Ningelisema, angefurahi, wangekunywa chai.

Nikasema, "Hapana, Baba mdogo."

Nikasema, "Kwako alisema ndiyo, na kwa Fundi alisema ndiyo. Hakuchagua. Alikufa hajachagua."

Baba mkubwa akageuka kwenye kiti. "Huyu ni yule mtoto asiyesalimu watu kwa sauti?"

Nilidhani nitaishia hapo, lakini nilikuwa na hasira, na hasira ikanishika mkono. Nikawaambia gari hili haliendi Mombasa, linakwenda Gesima na kurudi. Tabo inataka barabara ndefu na injini inayokimbia, na ile ni ya lori, ni kubwa mno. Sisi tunapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, tunasimama kumchukua mama mwenye mtoto, tunaondoka tena taratibu. "Tabo itakuwa bado inaamka na sisi tumeshafika nyumbani," nikasema. "Na ikiamka ghafla kwenye kona ile ya matope, itatusukuma wakati tunatafuta breki. Tena tabo haitaki injini izimwe ikiwa moto, lazima uiache ingurume kwanza ipoe. Nani hapa ana subira hiyo kila jioni? Supachaja itakula petroli, Fundi mwenyewe amesema. Basi, na ile. Lakini ukikanyaga chini ya mlima, inakusikia hapo hapo. Gari la kila siku linataka kitu kinachosikia."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Sikutaka acheke. Baba mdogo aliketi kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Nilimhurumia, na huruma ile ikanizidishia hasira juu yako, kwa maana kazi ile ilikuwa yako. Ungemwambia wewe, kaka yake, mkiwa wawili, kwenye kikombe cha chai, "Bosire, asante, lakini hapana." Angenuna wiki moja. Badala yake aliambiwa na binti mbele ya ukoo mzima.

Nikamgeukia na Fundi pia. "Na wewe, Fundi, uliondoka na kabureta yetu ukasema Jumamosi. Ni Jumamosi ipi?" Akavua kofia yake, akaishika magotini.

Kisha Mama akafungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo wa gari, akauweka kwenye sinia niliyoishika, katikati ya vikombe. Akasema kwa Baba mkubwa, "Shemeji, gari hili ni la kunirudisha kwa watoto wangu. Sina lingine la kusema."

Baadaye jikoni alinigombeza vikali. Umemwaibisha shemeji yangu, msibani, mbele ya watu, mtoto gani wewe. Kisha akaniuliza kama ile supachaja ina mkanda wa kununua hapa Kisii au mpaka Kisumu.

Fundi Shabani alikuja Jumamosi, na Jumamosi nyingine. Nilimshikia spana, na safari hii aliponieleza kitu nilimuuliza maswali. Aliweka gasketi nene kwenye silinda hedi ili injini isigonge kwa hewa nyingi, akaunga bomba lile alilokata Baba mdogo, akarudisha kabureta na magurudumu, tukalishusha gari kwenye mawe. Alipowasha, gari lilikohoa manyoya ya kuku. Kisha supachaja ikaanza kuvuma, sauti nyembamba kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Fundi akatazama mbali. "Angesikia," akasema. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba.

Mimi ndiye ninayeendesha, Tata. Ulinifundisha vizuri kwenye ule uwanja wa shule, hilo nakushukuru bila hasira. Siku ya mtihani wa leseni afisa aliniambia niongee, haisikiki kama nimesema kulia au kushoto. Nikasema kwa sauti, akanipitisha. Asubuhi nampeleka Mama Gesima, jioni namrudisha. Chini ya mlima nakanyaga, na gari linapanda kwa gia ya pili na watu ndani, halisimami. Siku ya kwanza Mama alishika mlango kwa mikono miwili akingoja lizimike. Lilipofika juu alikuwa analia, na sikumuuliza kwa nini. Analala nyumbani sasa. Wadogo zangu wanagombana naye juu ya kazi za shule kila jioni, na kelele hizo ni nzuri kuliko nyimbo.

Si kila kitu ni kizuri. Linakula petroli kama Fundi alivyosema, na Mama anakaza mdomo kila tunapojaza. Mkanda ulikatika siku moja kwenye matope, tukarudi tukiguna kama zamani. Na Baba mdogo Bosire hajafika kwetu tangu siku ile. Alituma mtu aje achukue tabo yake, hakuja mwenyewe. Nimemwandikia barua ya kuomba radhi kwa namna nilivyosema. Si kwa nilichosema. Hajajibu. Nyanya naye anakaa mbele sasa, kiti cha kando ya dereva, kwa maana dereva ni mjukuu wake na hakuna wa kumstahi. Anafurahia kiti kile, anaona barabara yote. Mara ya kwanza alipoketi hapo alisema, "Kumbe ndivyo inavyoonekana," halafu akakumbuka kwa nini amepata kukaa hapo, akajifunika uso kwa leso mpaka tulipofika.

Tata, nilidhani nikiandika haya hasira itaisha. Haijaisha. Imekaa tu vizuri zaidi, kama mzigo uliofungwa upya. Mchungaji ananiambia nikusamehe, na najua jibu analongoja. Nimemwambia bado. Alishangaa, lakini hakuanguka. Watu hawaanguki, Tata. Ungejaribu kukataa mara moja ungeona.

Nakupenda. Hilo naweza kuliandika kwa lugha yoyote.

Kwaheri, Tata. Lala huko kwenye migomba, udongo wa Manga usikuelemee. Mimi nakuahidi jambo moja, na wadogo zangu nitawafundisha hilo hilo kabla ya kuwafundisha kuendesha gari. Siku nitakayoumwa, na mtu akasimama nje ya pazia akaniuliza, nitamwambia naumwa, aingie.

Binti yako,
Kerubo